Trekta Kuukuu Ina Thamani Gani? Mkulima Apige Hesabu Kabla ya Kununua Mpya

Kila mwaka kabla ya mvua ya Oktoba, wakulima wa Timau na Kibirichia katika Kaunti ya Meru, na majirani wao wa Mbeere katika Kaunti ya Embu, hukabiliwa na swali moja: trekta ya zamani itengenezwe tena, au iuzwe na pesa zake ziongezwe kwenye ununuzi wa mpya?

Wengi huenda kwanza kwa muuzaji wa trekta mpya, wakapenda mashine, wakajaza fomu za mkopo, ndipo wakaanza kutafuta mnunuzi wa ile ya zamani. Kufikia hapo mkulima ana haraka, na mwenye haraka hupangiwa bei na broka. Ni heri thamani ya trekta kuukuu ijulikane kwanza.

Bei ya sokoni

Trekta iliyosomesha watoto wa nyumba ni vigumu kupimwa na mwenyewe. Huhesabu pesa alizoinunulia na alizotumia kuitengeneza miaka hiyo yote. Mnunuzi hazijali. Yeye huuliza mambo matatu: itamfanyia kazi gani msimu ujao, spea zake zinapatikana wapi, na je, karatasi zake ni safi?

Mkulima aanze kwa kutafuta trekta tatu au nne za aina, nguvu na umri unaokaribiana na yake zilizouzwa hivi karibuni. Aulize bei iliyolipwa, kwa sababu bei iliyotangazwa mara nyingi hushuka watu wakikaa chini.

Umri peke yake hauui bei. Massey Ferguson 135, iliyoundwa kuanzia 1964 hadi 1975, bado inatafutwa. Ni nyepesi, inageuka vizuri katika shamba dogo, na mafundi wengi wanaifahamu. Spea zake hupatikana kwa urahisi, na za nadra hutafutwa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Trekta changa ambayo spea zake huagizwa ng'ambo inaweza kukosa mnunuzi ilhali hii kongwe inagombaniwa.

Mahali pia pana uzito. Mwenye shamba kubwa la ngano Timau hutaka trekta yenye nguvu nyingi inayovuta kwa magurudumu yote manne. Trekta ndogo ya magurudumu mawili inaweza kupata bei nzuri zaidi ikipelekwa kwa mtu wa mashamba madogo anayelimia majirani kwa malipo.

Ukaguzi wa injini

Ukaguzi ufanywe asubuhi, injini ikiwa baridi. Injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika huficha ugonjwa, na wanunuzi wazoefu huigusa kwanza kwa mkono kabla ya kuomba iwashwe.

Moshi hueleza mengi. Moshi mweusi usioisha huonyesha hewa kidogo au nozeli mbovu. Moshi wa samawati ni mafuta ya injini yanayoungua ndani, dalili ya ringi za pistoni au silinda zilizochakaa. Moshi mweupe unaoendelea baada ya injini kupata joto unaweza kuwa dizeli isiyoungua au maji yanayoingia ndani. Mafuta ya injini yakiwa na rangi ya maziwa, maji yamechanganyika nayo, na fundi aitwe kabla ya bei kutajwa.

Mita ya saa za kazi isitegemewe pekee. Katika trekta nyingi za zamani mita huzungushwa na kebo inayotoka kwenye injini. Kebo ikikatika, mita husimama na trekta huendelea kulima. Pedali zilizolika, kiti kilichochakaa na mashimo yaliyopanuka kwenye mikono ya kushikia plau huonyesha umri wa kazi kuliko tarakimu za mita.

Gia, haidroliki na breki

Trekta ilimishwe, isizungushwe tu uani. Gia inayojiruka ikiwa na mzigo, klachi inayoteleza na usukani wenye mchezo mwingi huonekana plau ikiwa ardhini.

Kwa haidroliki, plau inyanyuliwe, injini izimwe, na mtu yeyote asikae chini yake. Plau ikishuka upesi, kuna mafuta yanayovuja ndani ya mfumo. PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine nyingine, ijaribiwe kwa mashine halisi. Breki za magurudumu ya nyuma zina pedali mbili. Zikiunganishwa, trekta isimame bila kuvuta upande mmoja. Katika miteremko ya Timau hilo ni suala la uhai.

Trekta iliyovuta trela za mchanga na mawe kwa miaka huwa na gia na breki zilizochoka kuliko iliyolima tu. Muuzaji aseme ukweli huo mapema, kwa sababu fundi wa mnunuzi ataugundua.

Karatasi

Trekta nzuri isiyo na karatasi safi huuzwa kwa bei ya vyuma. Nambari ya chesi na ya injini zilingane na zilizo kwenye logibuku. Injini ikiwa ilibadilishwa, mabadiliko hayo yawe yamesajiliwa na NTSA.

Mashine nyingi za zamani bado zimeandikwa kwa jina la baba aliyefariki. Mtoto anayeitumia hana mamlaka ya kuiuza mpaka familia ipate kibali cha mahakama cha kusimamia mali ya marehemu. Chini ya Sheria ya Urithi, kushughulikia mali ya marehemu bila kibali ni kosa. Taratibu hizo huchukua muda, kwa hivyo zianze mapema kabla ya mnunuzi kupatikana.

Trekta iliyowekwa dhamana ya mkopo wa benki au Sacco nayo isiuzwe kabla ya mkopeshaji kuiachilia. Tangu Sheria ya Dhamana za Mali Inayohamishika ya 2017, kuna sajili ambamo mnunuzi anaweza kupekua kama mashine ina deni.

Baada ya kuuza, umiliki uhamishwe kupitia akaunti za NTSA za pande zote mbili. Sheria ya Trafiki humchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye chombo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Trekta ikisababisha ajali ikiwa bado kwa jina la muuzaji, wakili wa aliyeumia atabisha mlangoni kwake.

Hesabu ya mfano

Takwimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila mkulima aweke zake.

Trekta tatu zinazofanana ziliuzwa kwa Sh880,000, Sh950,000 na Sh1,020,000. Wastani ni Sh950,000. Trekta inayopimwa inahitaji klachi ya Sh40,000, pampu ya haidroliki ya Sh35,000 na tairi mbili za nyuma za Sh120,000, jumla Sh195,000. Thamani yake ilivyo sasa ni Sh755,000.

Trekta mpya ni Sh3,200,000. Pengo ni Sh2,445,000. Ikiwa kila ekari inayolimwa humwachia mkulima Sh1,500 baada ya dizeli, dereva na matengenezo, pengo hilo ni ekari 1,630. Akilima ekari nane kwa siku kwa siku 60 za msimu katika mwaka, atafikisha ekari 480 kwa mwaka. Atahitaji karibu miaka mitatu na nusu kuziba pengo, kabla ya riba.

Sasa ichukuliwe kuwa broka amempata akiwa na haraka na akamkata Sh150,000. Hizo ni ekari 100 zaidi za kulima ili kurudi pale pale. Kwa upande mwingine, hesabu ikionyesha kuwa hana wateja wa ekari 480 kwa mwaka, huenda Sh195,000 za matengenezo zikawa uamuzi bora kuliko mkopo.

Kabla ya kuuza

Si kila ubovu unastahili kutengenezwa. Kubadilisha mafuta na filta, kuziba uvujaji mdogo, betri inayowasha injini bila kusukumwa na kuosha mashine ni gharama ndogo zinazomtuliza mnunuzi. Kufungua injini yote au kununua tairi mpya za nyuma mara nyingi hakurudishi pesa yote. Rangi mpya iepukwe, kwani mnunuzi hujiuliza inaficha nini. Risiti za spea na kazi za fundi zihifadhiwe. Zina nguvu kuliko maneno.

Wakati nao ni bei. Wiki za kabla ya kulima, Februari na Septemba, wanunuzi huwa wengi. Mvua ikishanyesha na mashamba kupandwa, mashine husimama na bei hulegea.

Mkulima asiye na uhakika amlipe fundi asiye na nia ya kununua wala kuuza aikague trekta na kuandika anachokiona. Ofisa wa kilimo wa wadi anaweza kumsaidia kukadiria ekari zinazolimwa kwa malipo katika eneo lake. Akiwa na karatasi hizo mbili mkononi, ndipo aende kuuliza bei ya trekta mpya.