ELIMU YA AFYA: KULISHWA KWA MTOTO NJITI

Watumishi wa umma na wakazi wa Kibondo na Kasulu wanafahamishwa kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba, yaani njiti, huhitaji utaratibu maalumu wa kulishwa.

1. Kazi ya dripu
Njiti mwenye uzito chini ya kilo 1.5 mara nyingi hawezi kunyonya, na akiba yake ya sukari mwilini ni ndogo. Sukari ya damu ikishuka mno, ubongo hudhurika. Kwa sababu hiyo mtoto dhaifu hupewa mshipani maji ya glukosi ya asilimia 10, kuanzia mililita 60 kwa kila kilo ya uzito siku ya kwanza. Maji yakizidi, moyo na mapafu hulemewa. Hivyo basi, ndugu wasiguse dripu wala kudai iongezwe kasi.

2. Dripu si chakula kamili
Kwa kipimo hicho, mtoto wa kilo 1.5 hupata gramu 9 za sukari kwa siku, yaani kalori zipatazo 36, ilhali ili akue huhitaji zaidi ya 160. Maji hayo hayana protini wala mafuta. Lishe kamili ya mshipani ipo, lakini huhitaji maandalizi safi mno na vipimo vya damu vya mara kwa mara, hivyo hutolewa katika hospitali kubwa.

3. Maziwa ya mama
Mama aanze kukamua mapema baada ya kujifungua. Dang'a, hata matone machache, yasimwagwe. Mtoto hupewa kwa mpira wa puani au kikombe, na dripu hupunguzwa kadiri maziwa yanavyoongezeka. Ni marufuku kumpa uji au maziwa ya ng'ombe.

4. Wajibu wa jamii
Aliyezaliwa kijijini apelekwe hospitali bila kuchelewa, akiwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa vema. Mama asitenganishwe na mtoto, kwa kuwa bila yeye maziwa hayapatikani. Viongozi wa vijiji wasaidie usafiri. Waajiri wazingatie marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025, ambayo yanamwongezea mama wa njiti likizo ya uzazi kwa muda uliosalia kufikia wiki 40 za mimba.