Vifaa vya Kuvutia Gari Lililokwama: Tuvichague kwa Uzito, si kwa Bei

Ndugu wasomaji wa maeneo ya mipakani, mvua za Machi hadi Mei zinapoanza, barabara zetu za udongo hugeuka utelezi, na magari hukwama. Katika toleo hili tumeona vema tufundishane jinsi ya kuchagua vifaa vya winchi, kwa kuwa wengi wenu mnamiliki magari ya kupanda milima, na wengi zaidi hujitokeza kusaidia jirani aliyekwama.

Msimu mmoja, wilayani Burera, si mbali na lami iendayo Cyanika, tulikuta pikapu iliyosheheni viazi imezama mtaroni. Msamaria mmoja alikuwa ameleta gari lenye winchi, na wanakijiji walikuwa wamejipanga pande zote mbili za waya. Kulabu yake haikuwa na alama yoyote. Ilipovutwa ikakunjuka, waya ukarudi kwa kishindo na kupasua kioo cha mbele. Mtoto aliyekuwa amesimama kando ya boneti alikuwa ameitwa na mama yake muda mfupi kabla ya hapo. Tangu siku ile, kila tufikapo mahali pa uokoaji, kwanza tunatazama alama za vifaa, ndipo tunasalimiana.

Tuanze na hesabu. Uzito wa kuzingatia ni wa gari pamoja na mzigo wake, watu na mafuta. Ikiwa jumla ni kilo 3,000, winchi iwe na uwezo wa angalau mara moja na nusu, yaani kilo 4,500. Sababu ni kwamba tope nalo lina uzito wake. Kwa kanuni ya makadirio itumiwayo na waokoaji, gari lililozama kimo cha magurudumu hudai mvuto ulio sawa na uzito wake wote. Likizama hadi juu ya madigadi, hudai mara mbili. Mlima nao huongeza juu ya hapo.

Tena, namba iliyoandikwa kwenye winchi ni ya tabaka la kwanza la waya kwenye ngoma. Kadiri matabaka yanavyoongezeka, nguvu hupungua, na ngoma iliyojaa inaweza kupoteza thuluthi moja au zaidi. Kwa hiyo dereva anayefunga kwenye mti ulio mita tano mbele yake anajidhulumu. Avute waya mrefu zaidi, ila abakishe mizunguko isiyopungua mitano kwenye ngoma ikiwa ni waya wa chuma, au kumi ikiwa ni kamba ya nyuzi za kisasa.

Gari letu la kilo 3,000 likizama hadi madigadi litadai kilo 6,000, na winchi ya 4,500 haitoshi. Hapo ndipo kapi linapohitajika. Waya ukitoka kwenye winchi, ukazunguka kapi lililofungwa mtini na kurudi kwenye gari lenyewe, mvuto huwa karibu mara mbili na mwendo hupungua kwa nusu. Lakini kapi hubeba nyuzi mbili kwa pamoja. Winchi ikivuta kilo 4,500, kapi, mkanda wa mtini na shakeli inayoviunganisha hubeba kilo 9,000. Shakeli ni kile chuma kilichopinda kama kiatu cha farasi na kufungwa kwa pini. Ile ya milimita 19, iliyozoeleka madukani, kwa kawaida huwa na mzigo salama wa tani 4.75. Inafaa mwisho wa waya unaorudi garini. Penye kapi haifai, pale panadai ya milimita 28 yenye tani 9.5. Tumeona watu makini wakinunua kapi zuri, kisha wakalifunga kwa shakeli ndogo kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo.

Mnunuzi anayepita maduka ya vipuri ya Gatsata hapa Kigali, au sokoni ng'ambo ya mpaka, atafute maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe. Herufi WLL huonyesha mzigo salama wa kazi. Shakeli nzuri hukatika kwa mzigo wa mara tano au sita ya huo. Kamba na mikanda, kinyume chake, mara nyingi huuzwa kwa kutaja kiwango cha kukatika, na ndiyo maana tarakimu zake huonekana kubwa. Tusilinganishe namba hizo mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Kamba ya winchi iwe na kiwango cha kukatika kisichopungua mara mbili ya mvuto wa winchi. Chuma kisicho na maandishi, hata kiwe kinene namna gani, tunakushauri ukiache dukani.

Waya wa chuma au kamba ya nyuzi? Kamba ni nyepesi, haichomi mikono, na ikikatika hairudi kwa ukali wa waya. Hata hivyo jua huichosha, na mawe ya volkano ya Musanze, Burera na Rubavu huikwangua upesi. Anayeishi huko na kuchagua kamba, anunue na ala ya kuikinga. Waya huvumilia mawe, lakini huota miiba ya chuma. Usiushike bila glovu nene za ngozi. Usiuzungushe mtini na kuufunga kwa kulabu yake yenyewe, kwani hujikata na kuua mti. Mkanda wenye upana wa milimita 75 au zaidi, ufungwe chini kabisa ya shina, ndio njia sahihi. Mkaratusi mchanga hung'oka, na nguzo ya umeme si nanga hata kidogo. Nyagatare, kwenye uwanda usio na miti mikubwa, gari la pili lililowekewa mawe mbele ya magurudumu hufaa.

Kirungu cha kuvutia tela kisifungwe kamba ya uokoaji kamwe. Kikikatika huruka kama risasi. Mkanda unaonyumbuka, uliotengenezwa kwa kuvuta kwa mshtuko, usiunganishwe na winchi.

Kuhusu watu: kila asiye na kazi asimame mbali kwa umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa waya uliotoka, wala asiruke waya uliokaza. Blanketi zito au koti lililolowa liwekwe katikati ya waya. Mtu mmoja tu atoe ishara. Tunajua ni vigumu kumwambia mzee wa kijiji arudi nyuma, lakini mwambieni kwa heshima, naye ataelewa.

Gari likiwa ndani ya maji yanayotiririka, achaneni na winchi. Mafuriko ya Mei 2023, yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini, yalituonyesha kasi ya mito yetu. Piga 112, au 113 ikiwa ni ajali ya barabarani.

Kazi ikiisha, oshea kamba tope kwa maji safi, ianike kivulini, kisha pitisha kila shakeli mkononi: pini isiyozunguka kwa urahisi imepinda, nayo isirudi tena kwenye sanduku la vifaa.