Umuhimu wa Anatomia kwa Mwalimu wa Yoga na Ngoma: Mfano wa Kitui na Makueni

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walinena pia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hizi mbili hufunzwa darasani kama mawaidha ya unyenyekevu na ya malezi, na ni nadra mtu kuzichukua kwa maana ya juu juu. Hata hivyo, maana hiyo ya juu juu hurejea uwanjani, pale mwalimu anapomwagiza mwanafunzi ainame, ajikunje, azungushe kiuno au aruke. Methali inaagiza kuinama, lakini haisemi kuinama huko kuanzie wapi: nyongani, mgongoni au shingoni. Mwalimu asiyeijua tofauti hiyo humwachia mwanafunzi aijue kwa maumivu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba anatomia, yaani elimu ya muundo wa mwili, ni sehemu ya lazima ya kazi ya mwalimu wa yoga. Kwa kuwa katika Kitui na Makueni mafunzo ya mwili yamekuwapo tangu zamani kupitia ngoma, hoja itajengwa kwa kuzitazama sanaa hizi mbili pamoja.

Yoga na ngoma za Wakamba

Yoga ina asili yake nchini India. Nchini Kenya ilipata msukumo mpya baada ya asasi ya Africa Yoga Project kuanzishwa jijini Nairobi mwaka 2007 na kuanza kuwafunza vijana wawe walimu. Kimataifa, mtaala wa saa 200 unaotambuliwa na chama cha Yoga Alliance cha Marekani huiweka anatomia miongoni mwa masomo ya lazima. Hivyo basi, mwalimu aliyepitia mtaala kama huo hufika kwa wanafunzi wake akiwa ameisoma mifupa na misuli walau kwa kiasi.

Mwalimu wa ngoma hana sharti kama hilo. Wakamba wanasifika kwa ngoma zenye miruko na sarakasi, na mbeni, ngoma ya vijana, ni mfano bora wa jambo hili. Kilumi nayo huchezwa zaidi na wanawake wa makamo na wazee, kwa mdundo wa ngoma kubwa na mtikiso wa mabega. Ngoma za Wakamba zimeonyeshwa katika kituo cha Bomas of Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1971, na shule huzishindania katika Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1927. Mwalimu anayewaandaa watoto kwa tamasha hilo huwa na majuma machache tu ya kuwafunza miruko ambayo zamani kijana aliizoea kwa miaka. Kwa mintarafu hii, haja yake ya anatomia si ndogo kuliko ya mwalimu wa yoga.

Nyonga na goti

Tuanze na mkao unaojulikana sana wa yoga, ule wa kuketi miguu ikiwa imepishana na nyayo zikiwa juu ya mapaja. Anayetazama kwa nje huona magoti yaliyokunjwa, akadhani kazi ni ya goti. Sivyo. Goti ni kiungo kinachofanya kazi mithili ya bawaba: hukunja na kunyoosha, na mzunguko wake ni mdogo mno. Nyonga, kwa upande wake, ni tufe ndani ya kikombe cha mfupa, na ndiyo iliyoumbwa kuzunguka. Katika mkao huu, mzunguko unapaswa kutoka nyongani. Nyonga ikikataa na mwalimu akaendelea kuukandamiza mguu, nguvu yote hushukia gotini, kwenye vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo.

Aidha, kina na mwelekeo wa kikombe cha nyonga hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kuna mwanafunzi ambaye hataufikia mkao huo hata akifanya mazoezi miaka 10, kwa sababu kinachomzuia ni mfupa kukutana na mfupa, wala si uvivu au ukosefu wa imani. Mwalimu anayelijua hili hamlaumu. Humpa mkao mwingine.

Samaki mbichi

Methali ya samaki huwapotosha wengi. Ni kweli kwamba mwili wa mtoto hunyumbulika kuliko wa mtu mzima, lakini unyumbufu huo si kinga. Mifupa yake hurefuka katika sehemu za gegedu zilizo karibu na ncha zake, na sehemu hizo huwa dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Kwa kawaida hufungika kabisa kuelekea mwisho wa ujana, na kwa wasichana hutangulia.

Chini kidogo ya pia ya goti, mahali ambapo kano itokayo pajani hujishikiza kwenye mfupa wa ugoko, mtoto anayekua haraka na kuruka sana anaweza kupata uvimbe wenye maumivu. Mwalimu asiyejua chanzo chake humwita mtoto huyo mzembe na kumrudisha mstarini. Mwalimu anayejua humpunguzia miruko, humpa nafasi ya kuimba au kupiga ngoma, na humwelekeza hospitalini maumivu yasipopungua. Hali kadhalika, humfunza kutua: kwanza mbele ya wayo, kisha kisigino, magoti yakikunjika na kuelekea upande wa vidole vya miguu badala ya kuangukiana. Huo ni ujuzi wa anatomia unaofaa kutangulia mruko wenyewe.

Shingo iliyobeba maji

Mwili unaoletwa mazoezini huja na historia yake. Katika vijiji vya Kitui na Makueni, wanawake wengi wamebeba maji na kuni mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Mwaka 1986, G.M.O. Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu wanawake wa Kikuyu, ambao nao hutumia ukanda wa namna hiyo, na wa Kijaluo, wanaobeba mizigo kichwani. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza nguvu wanazotumia kutembea.

Matokeo hayo ni ya kustaajabisha, ila yapasa kusomwa kwa makini. Yanahusu nguvu zinazotumika, wala hayasemi kwamba shingo haichoki. Shingo ina pingili 7 ambazo kazi yake ya kawaida ni kubeba kichwa, chenye uzito wa takriban kilo 5 kwa mtu mzima. Mwalimu wa yoga akimwagiza mama aliyebeba mitungi kwa miaka 30 asimame kwa kichwa, anaziongezea pingili hizo uzito wa kiwiliwili kizima. Kumuuliza kwanza kuhusu shingo yake na kazi zake ni heshima, na pia ni anatomia.

Tatizo la neno "mshipa"

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata kazi yake. Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, mshipa unauma," amesema nini? Katika matumizi ya kawaida, mshipa unaweza kuwa ateri, vena, neva au hata kano. Maana hizi haziwezi kujibiwa kwa namna moja. Mvuto wa wastani katikati ya msuli wa nyuma ya paja huweza kuwa dalili ya kawaida ya kunyooka. Ganzi, au maumivu yanayokimbia kama umeme kutoka kiunoni hadi mguuni, huashiria neva, na zoezi linapaswa kukomeshwa mara moja.

Istilahi za ateri, vena, neva, kano na gegedu zimo katika Kiswahili. Kinachokosekana ni mazoea ya kuzitumia nje ya darasa la biolojia. Hata agizo la kawaida la "vuta hewa tumboni" lahitaji ufafanuzi. Hewa haiingii tumboni; kiwambo, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, hushuka na kulisukuma tumbo nje huku mapafu yakijaa. Mwanafunzi akielezwa hivyo, huacha kujilazimisha kuvimbisha tumbo.

Je, wazee walisoma anatomia?

Yamkini msomaji atauliza mbona wazee walifunza mbeni bila kitabu. Jibu ni kwamba walikuwa na ujuzi wa namna nyingine. Mzee alimjua mchezaji tangu utotoni, akaijua mifupa ya ukoo wake, na kumwona akichunga, akilima na kupanda milima. Mwalimu wa leo hukutana na wageni 20 kwa saa moja. Kwa kuwa hana miaka ile ya kutazama, anatomia humsaidia kujua la kuangalia na la kuuliza. Isitoshe, elimu hiyo haimfanyi daktari. Humsaidia kutambua mahali ambapo kazi yake inakoma na ya daktari inaanza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba agizo la mwalimu lina uzito kwa sababu mwanafunzi hulitii kwa mwili wake. Vyuo vya mafunzo ya tiba vipo katika kaunti zote mbili, na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, Kitui. Ingefaa wahadhiri wa huko wakutane na walimu wa ngoma na wa yoga kabla ya msimu wa tamasha, walau kwa siku chache, nao wanafunzi wa Kiswahili wawe wakalimani wa istilahi. Mtaka cha mvunguni bado sharti ainame. Wajibu wa mwalimu ni kumwonyesha kwamba kuinama huanzia nyongani, magoti yakiwa yamelegezwa na mgongo umenyooka, ili akishakipata alichokitaka aweze kuinuka tena.