Picha ya Ubongo kwa Mtoto Asiyeumwa
Kwa familia zenye ugonjwa wa ALD

Ukiambiwa mwanao anayecheza na kusoma vizuri akapigwe picha ya ubongo, lazima utauliza: kwani ana nini? Katika adrenolukodistrofi, yaani ALD, picha hupigwa mapema kwa sababu bado hajaugua.

Chanzo chake ni hitilafu katika jeni ya ABCD1, iliyo kwenye kromosomu X. Mafuta ya aina fulani hushindwa kuvunjwa, yakadhuru ubongo na tezi zilizo juu ya figo. Si kila mvulana mwenye hitilafu hiyo huharibika ubongo utotoni, lakini wanaoharibika huanza mara nyingi kati ya miaka 4 na 10. Dalili hudanganya: mtoto anashuka darasani, mwandiko unavurugika, akiitwa haitiki. Huitwa mtukutu, akachapwa bure. Wengine huwa weusi kuliko walivyozaliwa, wakatapika au kuzirai, kwa kuwa tezi zimechoka.

Kipimo chenyewe ni MRI. Hutumia sumaku, si mionzi, hivyo kurudiwa mara kwa mara si tatizo. Vyuma vyote huachwa nje. Mashine ina kelele na mtoto hatakiwi kujitikisa, ndiyo maana wadogo hulazwa kwa dawa ya usingizi. Hapo mkumbusheni daktari habari za tezi: huenda mtoto akahitaji dozi ya ziada ya steroidi.

Kwenye picha, doa la ugonjwa mara nyingi huanzia nyuma ya ubongo, pande zote mbili, likaenea kama moto wa nyikani. Ikidungwa dawa ya gadolini mshipani na ukingo wa doa ukang'aa, ugonjwa unasonga mbele. Ukubwa wa madhara hupimwa kwa alama za Loes, 0 hadi 34. Kupandikiza uloto hufaa zaidi alama zikiwa 9 au chini. Huzuia ugonjwa, hakurudishi kilichopotea. Ndiyo sababu picha hurudiwa kila miezi 6 kuanzia miaka 3 hadi 12, kisha kila mwaka.

New York hupima ALD kwa watoto wachanga tangu mwishoni mwa 2013. Pasipo na upimaji huo, anayegundulika kwanza huwa tayari mgonjwa. Basi wapimwe damu upesi kaka na wadogo zake wa kiume, na wana wa mama mkubwa na mama mdogo. Dada zao wapimwe jeni, maana kwa wanawake kipimo cha mafuta huweza kuonyesha hali ya kawaida ilhali jeni ina hitilafu.