Nunua Spana kwa Nati, Si kwa Sanduku

Watu wanaopita kwangu hapa Embu na kuiona Land Rover imekaa juu ya stendi hawaulizi gari lilitoka wapi. Wanauliza nilinunua sanduku gani la vifaa. Jibu langu huwavunja moyo, kwa sababu sikununua sanduku. Yale masanduku ya plastiki yenye vipande mia na ushee, yanayopangwa mbele ya maduka ya hadiwea ili yang'ae, yametengenezewa magari ya Kijapani. Karibu nusu ya vipande ni vichwa vidogo vya bisibisi ambavyo hutavigusa maishani, na spana zilizobaki ni za milimita. Gari lililoundwa Solihull, Uingereza, miaka hamsini iliyopita halina habari na milimita.

Langu ni Series III, chesisi ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya lita 2.25. Nililitoa Maua, na anayejua Maua hatashangaa. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, lakini kwenye miteremko ya Nyambene magari hayo bado yako kazini. Yanabeba abiria, miraa, magunia ya viazi na mbao kwenye barabara ambazo matatu ya kawaida ingegeuza mapema. Faida yake ni kwamba spea zipo na mafundi wapo. Hasara yake ni kwamba gari lolote utakaloletewa kutoka huko limepitia mikono mingi, na kila mkono umeacha bolti yake.

Kabla hujatoa shilingi kununua spana yoyote, safisha chesisi, soma namba iliyogongwa na uilinganishe na logbook, kisha uthibitishe umiliki kwa NTSA. Gari lisilo na karatasi halihitaji vifaa, linahitaji wakili.

Sasa zunguka gari. Chukua brashi ya waya, chaki, tochi na daftari, ulale chini ya gari asubuhi moja nzima. Unasoma vichwa vya bolti. Series I, zile za kuanzia 1948 hadi 1958, hutumia mfumo wa zamani wa Kiingereza, BSF na Whitworth. Series II na III kwa sehemu kubwa ni UNF, ambazo pia ni za inchi ila spana zake ni tofauti na za Whitworth. Kichwa cha bolti ya UNF mara nyingi kina viduara vitatu vidogo vilivyogusana kwa mstari. Ukiona 8.8 au 10.9, hiyo ni ya milimita na fundi fulani aliiweka baadaye. Hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu gari la miaka hamsini huku kwetu mara nyingi limeshawekewa injini ya Toyota au Isuzu, au gia bokisi iliyofungwa kwa chochote kilichopatikana dukani siku hiyo. Kwenye flanji moja ya propela shafti yangu kulikuwa na nati za aina mbili. Andika kila kitu: mahali, saizi, idadi, hali. Hilo daftari ndilo orodha yako ya kununua vifaa, na halifanani na la jirani hata kama magari yenu ni pacha.

Kwa Series II na III, saizi zinazorudi kila mara ni 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4. Fundi mwenye haraka atakwambia milimita zitatosha, na kwa baadhi ana haki. 5/8 ni milimita 15.9, kwa hiyo spana ya 16 inaikamata vizuri. 3/4 ni 19 na unywele, hakuna shida. Nati za magurudumu zinakubali 27. Lakini 1/2 ni milimita 12.7, spana ya 13 itaifungua nati iliyolegea tu, na iliyokula kutu itaiviringisha kona. Mbaya kuliko zote ni 9/16. Ni milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza kama jino la mtoto. Na 9/16 ndiyo iliyotapakaa gari zima, propela shafti ikiwemo. Ukiwa na pesa ya spana moja tu leo, nunua 9/16 ya ring, iliyo nzuri kuliko unavyodhani unaihitaji. Kesho nunua ya pili, maana mara nyingi bolti huzunguka upande mmoja ukifungua nati upande wa pili.

Za inchi utazipata wapi? Maduka ya hadiwea ya Meru mjini na Embu huweka milimita kwa sababu ndizo zinazotoka. Ukiuliza za inchi unaambiwa zitaagizwa Nairobi, na Kirinyaga Road kweli utazipata, zile watu bado wanaita za Grogan. Mimi nilianza karibu. Mashine za Kiingereza zilifika huku kabla ya Toyota, na waliozihudumia bado wako na vifaa vyao. Nenda kwa mzee aliyekuwa fundi wa matrekta Timau kwenye mashamba ya ngano, au Mwea kwenye mpunga. Massey Ferguson 135 hutumia spana zilezile za UNF. Nenda pia kwa aliyekuwa akishughulikia injini za Lister kwenye posho mill au mashine za kumenyea kahawa viwandani. Huyo atakuwa na Whitworth. Nilipomwendea mzee mmoja karibu na Nkubu na kumsalimia, nikamwambia natafuta spana za inchi, aliniuliza swali moja: "Za trekta au za posho mill?" Nikajua nimefika. Jibu la Series III ni za trekta. Mwenye Series I aseme za posho mill.

Ila uwe macho na Whitworth. Namba iliyogongwa kwenye spana hizo inataja unene wa bolti, haitaji upana wa mdomo. Iliyoandikwa 1/4 ina mdomo wa milimita 13 na kidogo. Ukinunua kwa kusoma namba tu utarudi nyumbani na fungu la chuma kizuri kisichoingia popote.

Kwenye meza za vifaa vya mitumba, pale vinapomwagwa juu ya gunia, utakutana na majina kama King Dick, Britool, Gedore, Stahlwille, Bahco. Usilipie jina. Mimi hutembea na nati mfukoni, mpya na safi, moja kwa kila saizi ninayoitafuta. Weka nati kwenye mdomo wa spana, iinue kuelekea jua, uangalie mwanga unaopita pembeni. Mwanga mwembamba pande zote mbili ni sawa. Ukiona umepanuka kuelekea ncha, mdomo umefunguka na hiyo spana itakuvunja vidole. Kwenye ring, tazama kona za ndani: zilizolika zinaonekana kama zimepakwa siagi. Kataa iliyosagwa na grinda ili iwe saizi nyingine, na kataa yenye rangi ya bluu au zambarau, maana imepitia moto na ugumu wake umeondoka. Iliyopinda mkono imewahi kuwekewa paipu ndefu na mtu mwenye nguvu kuliko subira. Kutu ya juu haina neno, inatoka na dizeli usiku mmoja.

Kwa vifaa vipya, maandishi ya Cr-V hayathibitishi kitu, kwa kuwa kila mtengenezaji anaweza kuyagonga. Bei sitataja, inabadilika na kila meli inayotia nanga Mombasa. Sheria yangu ni rahisi: kile kitakachobeba nguvu yako yote nunua cha bei ya juu unayoweza, kinachoshika tu au kukuna nunua cha bei ya chini.

Soketi nunua za nusu inchi, za kona sita. Za kona kumi na mbili huingia upesi, lakini kwenye nati iliyolika hushika ncha tu na kuimaliza. Usianze na racheti, anza na power bar. Racheti za bei nafuu hufa meno siku ya kwanza unapozitumia kufungua nati ya springi, na springi za Land Rover iliyokaa Nyambene hazifunguki kwa maombi.

Kuna kifaa kimoja ambacho watu wanakikwepa na wasingepaswa: spana ya habu, milimita 52. Fungua habu ya Land Rover yoyote ya zamani huku kwetu, utaona nati imejaa makovu ya tindo. Mafundi wameizungusha kwa tindo na nyundo miaka yote, na kwa sababu hiyo beringi hazijawahi kukazwa sawasawa. Ukikosa dukani, peleka nati kwa fundi wa jua kali mwenye mashine ya kuchomelea. Atakutengenezea kutokana na paipu nzito, na itatosha. Mwenye Land Cruiser ya zamani aagize ya 54.

Kuinua gari ndiko kunakoua watu, kwa hiyo hapa sitanii. Huku chini ya Mlima Kenya udongo ni mwekundu na laini, na mvua ya Aprili au ya Novemba ikinyesha jeki ya chupa inazama huku gari likiwa hewani. Weka chini yake ubao mnene na mpana. Gari lenyewe lina uzito wa tani moja na nusu hivi, lakini nunua jeki ya tani tano, haitakuwa ikifanya kazi hadi mwisho wa nguvu zake. Halafu nunua stendi nne. Jeki ni ya kuinua, stendi ndiyo ya kushikilia. Usitumie mawe ya kujengea. Jiwe hupasuka ghafla bila kukuonya. Kama stendi zimekushinda kwa sasa, magogo mapana ya mti mgumu yaliyokatwa sawa ni afadhali mara mia.

Vifaa vya kupimia ni vya bei nafuu na ndivyo vinavyorudisha pesa haraka. Fila geji moja inakuwekea kontakti za distributa kati ya milimita 0.35 na 0.40, na tapeti za injini hiyo ya 2.25 kwenye 0.25. Multimita itakuonesha kwa nini taa zinafifia, na kwa Land Rover za zamani jibu ni karibu kila mara waya wa ardhi. Kabla ya kuunganisha betri kwenye gari la kabla ya 1967, hakikisha upande upi umefungwa kwenye bodi. Nyingi za wakati huo zilifungwa chanya.

Mashine ya kuchomelea usinunue. Najua inavutia. Bodi ya Land Rover ni alumini, kwa sababu baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, na mashine ya kawaida ya vijiti haiichomelei alumini. Kwenye bodi unachohitaji ni mashine ya riveti ya mkono. Kinachooza ni chesisi na ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva, ambavyo ni chuma, na kazi hiyo mpe mchomeleaji aliyebobea umlipe kwa siku. Toa tangi kwanza, mara nyingi liko chini ya kiti cha mbele. Chenibloku ya kutolea injini na presi ya beringi nazo ni za kukodi. Utazitumia siku mbili, kisha zikae zikila nafasi.

Grinda ndogo nunua, pamoja na miwani, na ununue miwani kwanza. Disk za kukatia zina tarehe ya mwisho iliyogongwa kwenye pete ya chuma katikati. Isome dukani, maana za zamani hupasuka zikizunguka. Na breki za zamani usizipulize kwa kampuresa. Bitana za miaka hiyo zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa, tupa kitambaa.

Ukinunua kwa mtu, omba risiti, hata ya kuandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari yenye jina na namba ya kitambulisho. Spana nyingi za viwanda zilitoka bila kuaga, na kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayepokea mali ya wizi pia.

La mwisho ni kuazimana. Ukishakuwa na 9/16 mbili nzuri, kila mwenye Land Rover kutoka Runyenjes hadi Chuka atakuwa rafiki yako. Azima, lakini mwenye shida aje na gari lake na afungue nati hapohapo kwako. Zangu nimezipaka mkanda wa rangi ya chungwa mkononi. Kama unakaa karibu nami, tafadhali chagua rangi nyingine.