Vyombo vitapona stoo mwaka mzima?

*Nimehamishiwa Dodoma kikazi kwa mwaka mmoja. Vyombo naviacha Dar es Salaam, kwenye stoo ya kukodi. Safari iliyopita nilikuta godoro lina ukungu na friji inanuka. Nifungeje? — Mhamaji, Tabata*

Pole, dada. Kilichokuponza ni unyevu. Hewa ya pwani imejaa maji, na godoro likizungushiwa nailoni, unyevu unafungiwa ndani. Lianike kutwa nzima, lifunike kwa shuka la pamba, kisha lilaze juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta.

Friji izime siku mbili kabla. Barafu ikiisha, ifute kwa maji yenye siki, ikauke kabisa, halafu bana kitambaa mlangoni usijifunge. Huo mlango uliofungwa ndio uliokuletea harufu.

Sahani zisimamishe kwa ubavu na magazeti katikati. Zikilazwa, ya chini hupasuka. Vitabu viwe kwenye maboksi madogo (mgongo wako utashukuru). Andika ubavuni mwa boksi, maana juu hutapaona. Mtungi wa gesi usiingie kabisa.

Ukiona vijia vya udongo ukutani, huyo ni mchwa: mwite mtu wa dawa kabla hujashusha hata kiti.