Tujifunze kuisoma picha



Wiki chache zilizopita niliwaomba wanafunzi wa darasa la wakubwa walete picha moja ya zamani kutoka nyumbani, kisha waieleze kwa Kiswahili. Karibu kila mmoja alisimama akasema maneno yaleyale: "Huyu ni bibi. Huyu ni babu. Hii ni nyumba yao." Halafu akakaa. Nilipofika nyumbani nikaona kosa ni langu. Nimewafundisha majina ya vitu, lakini sijawafundisha kuitazama picha. Somo la leo ni kulipa deni hilo.

Mimi si mpiga picha wala sikusomea sinema. Nilimaliza sekondari, kisha nikaingia kwenye uuguzi. Lakini kazi ya wodini imenifundisha jambo moja: kabla hujamuuliza mgonjwa, mtazame. Amekaaje? Mikono ameiweka wapi? Anaangalia mlango au anaangalia ukuta? Mara nyingi unajua nusu ya habari kabla hajafungua mdomo. Picha nayo husomwa hivyohivyo. Aliyenifundisha hilo kwanza, kabla ya chuo, ni mama yangu.

Picha niliyompelekea mama

Nilifika Birmingham mwaka 2003, mwezi wa Novemba. Mshahara wangu wa kwanza nilinunua koti jekundu, nikaenda nalo Victoria Square kupiga picha ya kumpelekea mama Zanzibar. Nilitaka aone koti, na nilitaka aone lile jengo kubwa la Council House nyuma yangu, ili awaonyeshe majirani kwamba mwanawe amefika. Nilimwomba mpita njia anipige. Nikatabasamu. Picha ikatoka vizuri, nikaitia kwenye bahasha.

Ilipofika nilimpigia simu kwa zile kadi za kukwangua. Mama akasema: "Mwanangu, picha nimeipata. Koti zuri, na jengo zuri. Lakini jengo kubwa, wewe mdogo. Mikono umeificha mfukoni. Na huyo aliyekupiga picha kasimama mbali, si mtu wako. Huko unaishi na nani?"

Nikamwambia nina marafiki wengi. Sikuwa na hata mmoja. Nilishukuru kadi ilipokwisha, maana nilikuwa nimeanza kulia.

Watoto, zingatieni hapa. Mimi nilipanga picha iseme "nimefika, niko vizuri." Mama akaisoma, akaona "niko peke yangu na nasikia baridi." Vyote viwili vilikuwa kweli, na vyote vilikuwa kwenye karatasi moja. Namna vitu vinavyokaa ndani ya picha, kwa ukubwa, nafasi, mwanga na umbali, huitwa mpangilio wa picha. Mpangilio una maneno yake, hata kama mpiga picha hakukusudia kuyasema.

Mama alijifunzia wapi?

Mama yangu hajawahi kusoma kitabu cha upigaji picha. Alijifunzia senema. Wazazi mliokulia Unguja mnayakumbuka majina: Majestic, Empire, Cine Afrique. Kulikuwa pia na maonyesho ya wanawake peke yao, na mama alikwenda na dada zake wakubwa, wamevaa mabuibui, karanga mkononi.

Filamu nyingi zilikuwa za Kihindi, na watazamaji wengi hawakukijua Kihindi. Hapakuwa na maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Hata hivyo watu walicheka panapochekesha, walilia panapoliza, na wakitoka walibishana mpaka nyumbani nani alikuwa na haki. Waliwezaje? Nilimuuliza mama. Akanijibu, "Tulikuwa tunatazama nani kawekwa juu na nani kawekwa chini."

Filamu aliyoipenda kuliko zote ni "Awaara" ya mwaka 1951. Raj Kapoor ndiye aliyeiongoza, na ndiye steringi. Ni habari ya hakimu anayemfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku. Mtoto anakulia kwenye umaskini na kuwa mwizi, na mwishowe anasimama mahakamani bila hakimu kujua kwamba huyo ni mwanawe. Hakimu huyo aliigizwa na Prithviraj Kapoor, ambaye ni baba mzazi wa Raj.

Katikati ya filamu kuna ndoto. Msichana anayependwa, Rita, yuko juu kwenye ngazi, amezungukwa na mawingu meupe. Raj yuko chini, kwenye moto na mashetani. Ngazi ni ndefu. Hata asiyejua neno moja la Kihindi anaelewa: huyu anataka kupanda, na anaogopa kwamba hastahili. Mwongozaji amelisema jambo hilo kwa kuwaweka mmoja juu na mwingine chini, basi.

Maswali manne ya kuuliza picha

Ukishika picha yoyote, ya ukutani, ya kwenye simu au ya filamu, iulize maswali haya manne.

*1. Nani mkubwa, nani mdogo, na kati yao pana nini?*

Mfano wangu ni filamu ya Marekani, "Citizen Kane," ya mwaka 1941. Orson Welles aliiongoza akiwa na miaka 25 tu, na mpiga picha wake alikuwa Gregg Toland. Mwanzoni kuna mama maskini ambaye amepata mali ghafla. Anaamua kumkabidhi mwanawe kwa tajiri wa benki ili akalelewe mbali. Ndani ya nyumba, mama na yule tajiri wamekaa mezani, karibu na kamera, wakubwa, wakitia sahihi. Baba amesimama akipinga. Nyuma kabisa kuna dirisha, na ndani ya dirisha, mdogo kama kidole, yumo mtoto anayecheza kwenye theluji. Toland alihakikisha walio karibu na aliye mbali wote wanaonekana sawasawa, hakuna aliyefifia. Kwa hiyo unaona mambo mawili kwa wakati mmoja: watu wazima wanayaamua maisha ya mtoto, na mtoto anacheza, hana habari.

Nilipowaonyesha kipande hicho darasani, mwanafunzi mmoja alisema, "Mwalimu, hata sisi tulihama hivyo. Hakuna aliyetuuliza." Wazazi, sentensi ile ilikuwa ya Kiswahili safi, na sikuwa nimeifundisha mimi.

*2. Mwanga unatoka wapi, na unamwangukia nani?*

Mwanga ukitoka mbele, uso unakuwa wazi lakini bapa. Ukitoka upande mmoja, nusu ya uso inang'aa na nusu inabaki kwenye kivuli, na mtu anaonekana ana jambo moyoni. Ukitoka nyuma yake, anakuwa kivuli cheusi. Ndiyo maana picha nyingi za harusi zetu zilizopigwa mbele ya dirisha hazionyeshi uso wa bibi harusi! Mpiga picha aligeukia dirisha badala ya kulipa mgongo.

*3. Macho na mikono vinasema nini?*

Tazameni filamu ya Charlie Chaplin, "The Kid," ya mwaka 1921. Haina mazungumzo ya kusikika, kwa hiyo bibi na mjukuu wanaweza kuitazama wakiwa sawa kabisa. Chaplin ni maskini anayemlea mtoto aliyeokotwa. Siku moja watu wanakuja kumchukua mtoto wampeleke kituo cha yatima, wanamtia nyuma ya gari. Mtoto ananyoosha mikono, analia na kuomba. Chaplin anapita juu ya mapaa ya nyumba kumfuata. Chaplin mwenyewe alipelekwa kwenye nyumba ya maskini London akiwa na miaka saba, kwa hiyo jambo hili alilijua. Na yule maskini wake mwenye kofia na nguo zisizomkaa ndiye aliyeigwa na Raj Kapoor kwenye "Awaara." Kwa hiyo maskini wa London alipitia Marekani na Bombay kabla ya kumfikia mama yangu Zanzibar.

Karibu nasi yupo Vanley Burke, mzaliwa wa Jamaika aliyehamia Birmingham mwaka 1965. Mwaka 1970, katika Handsworth Park, alimpiga picha kijana mweusi mwenye baiskeli, na kwenye baiskeli ile kuna bendera ya Uingereza. Itafuteni pamoja. Kabla ya kuongea juu ya bendera, tazameni macho ya kijana. Anamwambia nini aliyeshika kamera? Jibu lako na la baba yako si lazima yafanane.

*4. Nini kimeachwa nje ya fremu?*

Hili ndilo swali gumu, na kwetu sisi ndilo muhimu zaidi.

Zamani kulikuwa na studio ya picha Moseley Road, Balsall Heath, ya Ernest Dyche na mwanawe Malcolm. Awali Dyche alikuwa akiwapiga picha wasanii wa majukwaani. Baada ya vita ya pili ya dunia wateja wake wakawa wageni waliohamia mjini humu kutoka Karibi, India, Pakistani na Afrika. Walikuja wamevaa nguo zao bora kabisa, wakapangwa vizuri chini ya taa za studio, na picha zikatumwa nyumbani. Mkusanyiko wa picha hizo sasa umehifadhiwa Maktaba ya Birmingham, pale Centenary Square.

Ndani ya fremu kuna suti na viatu vinavyong'aa. Nje ya fremu kuna chumba cha kupanga, zamu za usiku na baridi. Je, waliopigwa picha hizo walikuwa waongo? Mimi nasema hapana. Mtu anayempelekea mama yake picha anachagua kitu cha kumpa. Hata studio zetu za pwani zilifanya hivyo. Wale mliotembelea Mji Mkongwe huenda mmeiona Capital Art Studio katika Barabara ya Kenyatta, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Watu waliingia studio kama hizo wakiwa na haraka na jasho, wakatoka kwenye picha wametulia kama masultani. Ndiyo maana tunauliza swali la nne kwa upole. Hatulengi kumuumbua mtu. Tunataka atusimulie sehemu ambayo picha haikuichukua.

Msamiati wa wiki

Mpangilio wa picha: namna vitu na watu walivyowekwa ndani ya picha.
Fremu: mipaka minne ya picha, kilicho nje yake hakionekani.
Mwongozaji: anayeamua filamu iwe vipi na waigizaji wafanye nini.
Steringi: mhusika mkuu wa filamu. Mtaani husema "steringi hafi," lakini si kweli kila mara!
Picha ya karibu: inayoonyesha uso au mkono tu.
Picha ya mbali: inayoonyesha mtu mzima na mahali alipo.
Kufifia: kutoonekana vizuri.

Kazi ya nyumbani

Kwanza, chagua picha moja ya zamani ya familia. Kaa na mzazi, bibi au babu, hata kwa simu ya video. Mfunike mtu mmoja kwa kidole, kisha uliza: picha inabaki na maana ileile? Kisha uliza yale maswali manne. La nne liwe la mwisho: "Siku hiyo, nje ya picha kulikuwa na nini?" Andika sentensi sita.

Pili, mpige picha mtu mzima mmoja wa nyumbani akifanya kazi yake: anapika, anashona, anajiandaa kwenda zamu. Piga tatu: moja ya mbali, moja ya karibu, na moja ya mikono tu. Kwenye simu yako washa ile mistari inayoigawa picha sehemu tatu kwa tatu, na ujaribu kumweka mtu kwenye mstari wa pembeni badala ya katikati. Linganisha. Mistari hiyo ni msaada, si amri. Mtu akipendeza katikati, mwache katikati. Na omba ruhusa kabla ya kupiga.

Wazazi, nina ombi moja. Mtoto akikosea neno wakati anaeleza picha, msimkatize. Mwacheni amalize, kisha mrudie sentensi yake kwa usahihi kama mnaitikia tu. Watoto wetu wengi wana Kiswahili kidogo, na bibi zao wana Kiingereza kidogo. Wakipigiana simu huulizana "hujambo" na "umekula," halafu kimya. Mbele ya picha hawaishiwi maneno upesi, kwa sababu wote wawili wanaona kitu kilekile.

Kwa upande wangu, ile picha ya koti jekundu ipo bado ukutani kwa mama. Mwaka jana binti yangu, mwenye miaka kumi na mbili, aliiona kwenye simu ya video akamuuliza bibi yake kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Bibi, kwa nini mama mdogo hivyo?" Mama akacheka, akaanza kumweleza. Waliongea dakika arobaini. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza, na sikuingilia.

Jumamosi ijayo leteni picha zenu. Karanga nitaleta mimi.

Mwalimu wenu wa darasa la wakubwa